Rangi ya bahari na mashine ya presha ya Mama

Najua nimepotea. Shangazi kanitumia ujumbe anauliza kama nimeolewa kimya kimya ndiyo maana sisikiki. Hapana Shangazi, sijaolewa, ni zamu za usiku tu. Nikirudi asubuhi nalala kama gogo. Gogo la mti lakini, maana huku Durban gogo ni bibi kizee kwa Kizulu, na wodini kwetu wamejaa magogo watupu na wote wananiita Sista.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nje upepo unavuma, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa. Nina habari ndefu kidogo. Inaanzia baharini, inapita wodini na inaishia mkononi kwa Mama, na mwisho wake nina ombi kwa kila mmoja wenu mwenye kifaa cha kupimia nyumbani. Kwa hiyo msiishie njiani.

Mnamkumbuka yule kijana wa Mombasa niliyewaambia tunapanga naye nyumba moja? Yule anayepika biriani mpaka majirani Wahindi wanakuja kuuliza. Anasoma shahada ya pili, mambo ya bahari. Siku moja mwezi wa tatu mwaka jana akanigongea mlango jioni, uso umemshuka. Mwenzake wa kazini anaumwa, kesho yake ana safari ya boti iliyolipiwa, na mikono haitoshi. "Dada, wewe umezoea kushika chupa za vipimo bila kuzichanganya. Njoo unisaidie, hata kuogelea huhitaji kujua." Nikamwambia mimi ni mtoto wa Tanga, kuogelea najua. Kumbe nilipaswa kuuliza habari za kutapika.

Tukaondoka bandarini alfajiri, tukapita pale Bluff, jua linachomoza. Mvua ilikuwa imenyesha juma lile, na upande wa mdomo wa mto Umgeni maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukizidi kwenda nje yanageuka kijani, halafu ghafla, kama mtu aliyechora mstari, yanakuwa bluu ya wino. Kijana akaniambia pale ndipo mkondo wa Agulhas unapoanza kuonekana, maji ya moto yanayoshuka kusini kwa kasi, na sehemu yake hupitia Mlango wa Msumbiji. Nikajisemea, basi haya maji na mimi tumefuata njia moja, tumetoka juu huko tumekuja kutafuta maisha Durban.

Na hapo nikaanza kutapika. Tuendelee.

Sasa tulifuata nini? Hivi mnajua kuna setilaiti juu yetu ambazo kazi yake ni kutazama rangi ya bahari? Mimi sikujua. Ndani ya maji kuna mimea midogo sana, huwezi kuiona kwa macho, nayo ina ile rangi ya kijani ya majani, klorofili. Ikiwa mingi, maji yanaelekea kijani. Ikiwa haba, maji ni bluu. Mimea hiyo ndiyo chakula cha vidudu, vidudu ni chakula cha dagaa, dagaa ni chakula cha samaki wakubwa na cha sisi wenyewe. Kwa hiyo anayejua rangi ya bahari anajua shamba limeota wapi. Mjomba hapo Deep Sea utacheka, maana wewe unayasoma maji kwa jicho tangu sijazaliwa. Lakini setilaiti inatazama bahari yote, pamoja na mahali ambako hakuna Mjomba.

Kazi yetu ilikuwa kuhakiki kama setilaiti inasema kweli. Kuna setilaiti mbili za Ulaya, Sentinel-3A iliyorushwa mwaka 2016 na Sentinel-3B ya mwaka 2018, ambazo hupita upande wetu saa nne kasoro hivi asubuhi. Ikipita, sisi tuwe palepale chini yake, tupime maji yaleyale kwa mikono yetu, kisha tulinganishe. Ukichelewa saa tatu au zaidi, kipimo chako hakifai kulinganishwa, maana maji hayakusubiri, yameshakwenda zake.

Kijana akatoa kifaa cha kupima mwanga, akakisukuma mbali na boti upande wa jua ili kivuli chetu kisikiguse. Hata shati jeupe la nahodha lilimkera, eti linarudisha mwanga majini. Mimi nikapewa kazi ya chupa. Unachota maji, unaandika namba, saa na mahali, unafunika chupa isipigwe na jua. Halafu unayapitisha maji kwenye karatasi ya kuchujia ya nyuzi za kioo, karatasi inabaki na utando wa kijani-kahawia, unaikunja, unaifunga kwenye karatasi ya aluminiamu na kuitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali. Maabara watailoweka kwenye asetoni ili rangi itoke, ndipo wapime klorofili. Nilitapika, nikanawa, nikaandika lebo. Lebo hata moja haikukosewa, na hilo naomba liandikwe kwenye kaburi langu.

Saa nne kasoro nikatazama juu. Hakuna kitu, mbingu tupu. Kijana akasema, "Imeshapita." Basi. Nilitegemea hata mlio.

Tukirudi nikamuuliza, kwa nini mtambo wa mamilioni ya fedha usiaminiwe mpaka uletewe chupa za mgonjwa wa kutapika? Akanieleza nusu saa nzima, na mimi nitawaeleza kama nilivyoelewa.

Kwanza, setilaiti ikitazama bahari kutoka juu, karibu sehemu 9 katika 10 za mwanga inaoupokea hazikutoka baharini. Ni mwanga wa hewa yenyewe, ile bluu ya angani, vumbi na chumvi. Habari ya bahari ni ile moja iliyobaki. Kwa hiyo ukikosea kupima jumla kwa asilimia 1 tu, ile sehemu ndogo ya bahari inakosewa kwa asilimia 10 hivi. Ni kama kumpima mtoto mchanga kwa kumpakata mtu mzima juu ya mizani, halafu utoe uzito wa mtu mzima. Mizani ikipotoka kidogo kwa mtu mzima, kwa mtoto imepotoka sana.

Pili, kifaa kinazeeka. Setilaiti ya kwanza ya kazi hii ilikuwa kwenye Nimbus-7 ya Wamarekani, ilirushwa Oktoba 1978. Kifaa chake kilikusudiwa kwa muda mfupi lakini kikafanya kazi mpaka 1986, na miaka ilivyokwenda jicho lake likafifia, huku hakuna chombo cha kudumu majini cha kulilinganisha nalo. Waliofuata wakajifunza. SeaWiFS, iliyorushwa Agosti 1997 na ikadumu mpaka Desemba 2010, kila mwezi iligeuzwa iutazame mwezi wa angani. Nilifurahi sana niliposikia hivyo. Mwezi hauna mvua wala majani, uso wake haubadiliki, kwa hiyo kama mwezi unaonekana umefifia, ujue aliyefifia ni wewe. Sisi kwetu tunagombana kila mwaka nani kauona mwezi na nani hakuuona, kumbe hata setilaiti inapimwa kwa kuuona mwezi!

Tatu, pamoja na mwezi wanahitaji maji. Tangu 1997 kuna boya kubwa karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, linaitwa MOBY, na tangu 2003 kukawa na jingine kati ya Ufaransa na kisiwa cha Corsica, linaitwa BOUSSOLE. Yamewekwa kwenye maji safi ya bluu, hewa safi, mbali na matope. Vifaa vyake vinapima mwanga unaotoka baharini, na setilaiti ikipita juu inarekebishwa ifuate boya. Yaani aliye juu anasahihishwa na aliye majini. Kifaa kilipimwa vizuri sana maabara kabla ya kurushwa, lakini safari ya roketi ina mtikisiko, na huko juu hakuna fundi. Kwa hiyo hata kikiondoka kiwandani na cheti, lazima kipimwe tena kikiwa mahali pake pa kazi.

Shikeni maneno hayo, tutayarudia kwa Mama.

Baada ya miezi kadhaa kijana akanionyesha majibu. Kwenye maji ya bluu, chupa zangu na setilaiti walipatana vizuri. Karibu na mdomo wa mto, setilaiti iliona klorofili nyingi kuliko iliyokuwa ndani ya chupa. Sababu ni matope, na ile rangi ya majani yaliyooza inayoletwa na mito. Hiyo inameza mwanga wa bluu kama klorofili inavyomeza, na hesabu zilizotengenezwa kwa bahari kuu zikaona ni mimea. Mto Thukela kaskazini mwa hapa unafanya hivyohivyo, na Aprili 2022 ndiyo usiseme. Mlinipigia simu wengi siku zile. Kwa siku moja mvua ilipita milimita 300 sehemu nyingine, watu zaidi ya 400 walikufa, bahari ikawa kahawia na fukwe zikafungwa kwa sababu ya maji machafu. Bahari ile hungeisoma kwa hesabu za Hawaii.

Nikamwambia, na kwetu je? Rufiji ikijaa, maji yanayoelekea Mafia ni ya udongo vilevile. Pangani nayo. Akasema ndiyo, ndiyo maana inatakiwa watu wa kwetu wenye boti na chupa wapime huko huko, siyo kuchukua tu picha iliyopakwa rangi na kuamini. Kuna mahali hili jambo ni la uhai. Upande wa magharibi wa nchi hii, Elands Bay, mwaka 1997 tani 2,000 hivi za kamba walitoka wenyewe majini wakafia ufukweni, kwa sababu mimea midogo ilizidi, ikafa, ikaoza, na oksijeni ikaisha. Siku hizi wataalamu wa hapa wanatumia setilaiti kutazama mimea hiyo mapema ili wenye mashamba ya samaki waonywe. Onyo likiwa la uongo mara mbili, mara ya tatu hakuna atakayesikiliza.

Aliposema oksijeni nikanyamaza. Akaniuliza, "Dada, vipi?" Nikasema nimechoka tu. Lakini nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja.

Hili sijawahi kuwasimulia. Ilikuwa Januari 2021, wimbi la pili la korona, wodi imejaa mpaka korido. Mnakijua kile kibanio tunachokibana kidoleni? Kinapitisha mwanga wa namna mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kinasoma rangi ya damu. Damu yenye oksijeni nyekundu yake ni tofauti na ya isiyo nayo. Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, ndiye aliyegundua njia hiyo, 1974, na mwenyewe alifariki Aprili 2020, katikati ya korona, dunia nzima ikiwa na kifaa chake kidoleni. Kwa hiyo kibanio na setilaiti ni ndugu, wote wanasoma rangi na kukupa namba.

Yule mama alikuwa mtu wa makamo, mweusi tititi kama mimi. Kibanio kilisema 94. Nikaandika 94, nikaenda kitanda kingine. Baada ya saa mbili, 94. Nilimwona anapumua haraka, nikamuuliza anaendeleaje, akajibu kwa Kizulu yuko salama, na namba ilisema yuko salama, na nilikuwa na wagonjwa wengine wengi. Alfajiri hawezi kumaliza sentensi. Daktari akachukua damu kwenye ateri, mashine ya gesi ikasema 85. Sijui alikuwa kwenye 85 tangu saa ngapi.

Alipona, Mungu mkubwa, alikaa majuma matatu akatoka kwa miguu yake, akanishika mkono akanishukuru. Shukrani ile ilinichoma kuliko angenitukana.

Mwezi mmoja kabla ya usiku ule, Desemba 2020, watafiti wa Marekani walikuwa wameandika kwenye jarida kubwa la udaktari kwamba vibanio hivi vinakosea zaidi kwa watu weusi. Kibanio kikiwa kinasoma kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi karibu 12 katika 100 oksijeni yao halisi ilikuwa chini ya 88, na kwa wazungu hawakufika 4. Vifaa hivi hupimwa kwa kuwapa watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu, kisha namba inalinganishwa na damu yao. Kwa miaka mingi wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ndiyo ikatoa rasimu ya mwongozo kwamba vijaribiwe kwa watu wa rangi nyingi zaidi. Yaani walilinganisha na maji ya Hawaii, halafu wakatuletea sisi watu wa Rufiji.

Sisemi kibanio ni kibaya. Nakitumia kila zamu, kimeokoa watu wengi sana. Ila tangu usiku ule, namba ikisema heri na mgonjwa anasema shari, nakaa chini nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa yangu ya mkononi. Dakika nzima, siyo nusu halafu mara mbili.

Sasa tufike kwa Mama.

Mnajua wote kwamba nilimtumia Mama mashine ya presha. Niliinunua hapa, nikaifunga kwenye kanga mbili, ikaenda kwenye begi la mtu mpaka Dar, kisha basi mpaka Tanga. Kila Jumapili Mama alinipigia akinisomea, "Mia na thelathini na mbili, chini themanini na nne." Mimi naandika kwenye daftari langu, nafurahi, namwambia dawa zinafanya kazi, endelea hivyohivyo. Akisema kichwa kinamuuma kisogoni, nasema ni jua la Tanga. Nesi mwenye digrii, ndugu zangu, anamwambia mama yake ni jua la Tanga.

Jioni ile baada ya kutazama majibu ya kijana nililala, usiku wa manane nikashtuka. Ile mashine sijawahi kuilinganisha na kitu chochote! Ilitoka kiwandani na cheti, ikatikiswa njia nzima, ikafika mahali pa kazi, na hakuna aliyeihakiki. Nami niko hapa juu, mbali, nasoma namba kama setilaiti.

Asubuhi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia mchukue Mama pamoja na mashine yake, nendeni kituo cha afya, Mama apumzike dakika tano, apimwe na nesi, kisha kwa mashine yake, mkono uleule, mara tatu tatu. Jioni akanitumia picha ya karatasi. Mashine yetu: 134, 131, 135. Nesi wa kituo: 158, 156, 157. Nikazitazama namba zile mpaka zikaanza kucheza.

Sababu zilikuwa mbili. Mkanda nilionunua ni ule mpana wa watu wanene ninaowazoea wodini, na Mama wangu siku hizi mkono umekwisha. Mkanda mkubwa kuliko mkono husoma chini. Na nesi alipojaribu kwa mkanda unaomfaa, mashine yenyewe nayo ilikuwa inasoma chini bado. Vyote viwili vimevuta upande mmoja, upande wa kunifurahisha. Mwaka mzima nilikuwa nafurahia presha ambayo Mama hana.

Mama, nimeshakuomba radhi kwa simu ukasema niache maneno mengi, lakini naomba tena mbele ya wote. Daktari amekubadilishia dawa, na nashukuru kichwa kimepoa. Ile mashine mdogo wangu usimpe mtu. Usimpe hata jirani kwa wema.

Ombi langu ndilo hili. Nyumbani kwetu mtu hawezi kununua nyama kwenye mizani ambayo Wakala wa Vipimo hawajaipiga muhuri, atagombana na mwenye bucha mpaka mtaa ujae. Lakini mashine ya presha au ya sukari inayotoka ng'ambo tunaiamini kwa sababu imetoka ng'ambo, na aliyeituma ni nesi. Kila mwenye nayo aende nayo kliniki siku ya kawaida ya kwenda, aombe ilinganishwe. Mara moja kwa mwaka, na kila ikianguka. Angalia mkanda unaenea mkono wako, usifungwe juu ya mkono wa gauni. Ya sukari, tazama tarehe ya vile vijiti. Na kama mwili wako unakwambia jambo na mashine inakwambia jingine, usiuambie mwili unyamaze.

Mjomba, kijana wa Mombasa anakusalimu. Nilimweleza unavyoyasoma maji, akasema angependa siku moja akae nawe kwenye ngalawa na chupa zake, upande wa mkondo wa Pemba, wewe useme rangi kabla setilaiti haijasema. Nimemwambia aje na ndimu za kutosha, maana yeye anajisifu hatapiki na mimi sijamwamini, bado sijamhakiki.

Haya, chai imepoa na nguo ziko kwenye kamba, mvua inakuja. Kesho naanza zamu nne za usiku mfululizo. Mama, Jumapili nisomee namba za mashine mpya, na kabla ya namba niambie kwanza unajisikiaje.

Nesi wenu wa Durban.